Kuzaa Si Kazi, Kazi Kulea: Miaka 65 ya UMATI na Safari ya Uzazi wa Mpango hadi Pwani ya Lindi, 1959–2024

Utangulizi

Mitwero ni eneo la pwani jirani na mji wa Lindi. Maisha ya hapo ni yale ya pwani yote ya kusini: minazi na mikorosho, mashamba ya muhogo na ufuta, bahari kwa wavuvi, na barabara inayokwenda Kilwa na hatimaye Dar es Salaam. Mwanamke wa huku akitaka kupumzika kuzaa, jambo la kwanza analopiga hesabu ni mwendo. Zahanati iko wapi? Muuguzi aliyefundishwa kuweka kijiti cha kuzuia mimba yupo leo? Akienda na kurudi, nani atabaki na watoto, na nauli itatoka wapi?

Mwaka 2024 Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, UMATI, kilitimiza miaka 65. Historia yake imeandikwa mara nyingi kwa kutazama makao makuu, semina na mikataba. Kurasa hizi zinaitazama kutoka upande wa pili, upande wa anayengoja huduma mwisho wa barabara. Ukisimama hapo unaona kwamba kazi kubwa ya miaka hii yote, ya chama, ya Serikali na ya mashirika yaliyowafuata, imekuwa kupunguza umbali kati ya mama na huduma. Na unaona jambo la pili, ambalo mkoa wa Lindi umelithibitisha kwa takwimu: watu wa mbali hawakukosa nia ya kupanga uzazi. Walikosa ukaribu.

Haja iliyotangulia chama (kabla ya 1959)

Kupanga uzazi hakukuletwa pwani na meli wala na kliniki. Wazee walikuwa na utaratibu wao. Mama alinyonyesha miaka miwili, na Kurani yenyewe inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Aliyeshika mimba nyingine mtoto akiwa bado yuko kifuani aliambiwa amembemenda mtoto, na neno hilo lilikuwa aibu kwa baba na mama pia. Kulikuwa na mizizi, hirizi za kufunga kiunoni, na azili, njia ya mume kumwaga nje, ambayo wanazuoni wengi wa Kiislamu waliijadili na kuiruhusu kwa masharti. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, msichana alifunzwa habari za mwili wake unyagoni, na somo wake, mwanamke aliyemfunda, aliendelea kuwa mshauri wake hata baada ya ndoa.

Utaratibu huo ulisimama juu ya watu kukaa pamoja: bibi karibu, somo karibu, ukoo karibu. Miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliutikisa. Mashamba ya mkonge ya Lindi yaliita vibarua kutoka mbali. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufika Nachingwea, ulikusanya maelfu ya wanaume kambini kabla haujaporomoka miaka michache baadaye. Mume aliishi kambini, mke akabaki kijijini au akamfuata mahali ambapo hana bibi wala somo. Mila ya kuachanisha watoto ikapoteza walinzi wake, na hospitali zilikuwa bado hazijashika nafasi yao. Hapo ndipo pengo lilipozaliwa, na pengo hilo ndilo lililozaa chama.

1959–1966: Kliniki ya mjini

Mwaka 1959, miaka miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kundi dogo la watu waliojitolea lilianzisha chama cha uzazi wa mpango cha Dar es Salaam. Uganda ilikuwa imeanzisha chake 1957. Duniani, Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango, IPPF, lilikuwa na umri wa miaka saba tu, likiwa limeundwa Bombay, India, mwaka 1952.

Njia zilikuwa chache. Vidonge vya kuzuia mimba viliidhinishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya chama kuzaliwa. Waanzilishi walianza kazi katika dunia iliyojua kondomu, kofia za mpira, povu na kuhesabu siku. Wateja wao walikuwa wanawake wa mjini, wenye uwezo wa kufika kliniki na kurudi.

Kwa mama wa Lindi, Dar es Salaam ilikuwa zaidi ya kilomita 400, na katikati ulikuwepo Mto Rufiji usio na daraja huko Ndundu. Masika yalipochanganya, njia ilifungwa. Chama kilikuwa kimezaliwa, lakini kwa pwani ya kusini kilikuwa bado habari ya kusikia.

1967–1973: Jina lenye hoja ndani yake

Katika miaka ya 1960 chama kilivuka mipaka ya Dar es Salaam, kikawa cha nchi nzima na kuchukua jina la Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Jina hilo linastahili kusomwa taratibu. Halisemi kuzuia, wala halisemi kupunguza. Linaweka uzazi na malezi kwenye kapu moja, kama methali ya Kiswahili ilivyokwisha kuviweka: kuzaa si kazi, kazi kulea.

Mwaka 1969, alipokuwa akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Rais Julius Nyerere alitoa hoja ya namna hiyohiyo. Alikumbusha kwamba katika kuzaa binadamu hatofautiani na wanyama, ila kulea mtoto na kumsomesha kwa miaka mingi ni jukumu la binadamu peke yake. Kwa hiyo, alisema, ni muhimu wanadamu watilie mkazo uwezo wa kuwatunza watoto kuliko idadi yao. Nchi ilikuwa na watu milioni 12.3 kwa sensa ya 1967, na wengi waliona ardhi bado ni kubwa. Kauli ya kiongozi wa nchi ilikipa chama heshima ambayo mabango yasingeinunua.

Mwaka 1973 UMATI kikawa mwanachama kamili wa IPPF. Uanachama huo ulileta vifaa, mafunzo na kipimo cha kazi, na kukiunganisha chama na wenzake wa Afrika na mabara mengine.

Watu wa kijijini nao walilipa jambo hili jina lao: uzazi wa majira. Majira ni wakati unaofaa, kama mkulima anavyojua majira ya kupanda na ya kuacha shamba lipumzike. Jina rasmi lilibadilika baadaye likawa uzazi wa mpango, lakini mpaka leo ukifika zahanati nyingi za pwani utasikia mama akiomba "vidonge vya majira".

1974–1988: Serikali yafungua mlango

Hadi mwaka 1974 chama ndicho kilichobeba karibu mzigo wote wa huduma hii nchini. Mwaka huo Serikali iliuingiza uzazi wa mpango katika huduma za afya ya mama na mtoto. Hatua hii ndiyo iliyobadili ramani. Mama aliyeleta mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa aliweza sasa, chumba kilekile na siku ileile, kuuliza habari za kupumzika kuzaa. Hakuhitaji safari ya pili, wala hakuhitaji kumweleza kila jirani anakwenda wapi. Kadi ya kliniki ilimsitiri.

Ilikuwa pia miaka ya Operesheni Vijiji, ambapo kaya zilizokuwa zimetawanyika zilihamishiwa vijiji vya pamoja, na zahanati zikajengwa kwa kasi. Uhamisho huo uliacha machungu yake, na si haki kuyafunika. Lakini kwa huduma ya mama na mtoto, kijiji kilichokusanyika kilikuwa mahali ambapo muuguzi mmoja angeweza kufikia kaya nyingi kwa mguu.

UMATI kilibadili kazi kulingana na wakati. Kilishika majukumu matatu: kuwafundisha watoa huduma wa Serikali, kusaidia upatikanaji na usambazaji wa dawa na vifaa, na kuelimisha umma. Wauguzi wakufunzi wa chama ndio waliokuwa uti wa mgongo wa awamu hii. Kila muuguzi aliyefundishwa namna ya kuchoma sindano ya miezi mitatu au kumchunguza mama kabla ya vidonge alirudi kituoni kwake na kuwa chemchemi ya eneo zima.

Katika miaka ya 1980 chama kilianzisha pia, huko Temeke, Dar es Salaam, kituo cha wasichana waliopata mimba na kuondolewa shule. Waliendelea na masomo, wakafunzwa stadi za kazi na malezi. Ilikuwa kazi ndogo kwa idadi, kubwa kwa maana: chama kilikataa kuamini kwamba mimba moja ndiyo mwisho wa maisha ya msichana. Serikali ilikuja kutangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi wa shule. Waliofanya kazi Temeke walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miongo mitatu.

1989–2000: Mpango wa Taifa, nyota ya kijani na sauti ya redio

Mwaka 1989 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango, na Serikali ikachukua dhamana kuu ya mafunzo na dawa. Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ikafuata 1992. UMATI hakikubaki na kila kitu mkononi: huduma sasa ilikuwa ya nchi.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 1991/92 ulionyesha kazi iliyobaki. Mwanamke wa Tanzania Bara alitarajiwa kuzaa watoto zaidi ya sita kwa wastani, na wanawake walio katika ndoa waliotumia njia za kisasa hawakufika mmoja kati ya kila kumi.

Mambo manne yaliusogeza muongo huu.

La kwanza ni nyota ya kijani, alama iliyobandikwa kwenye milango ya vituo vyenye huduma. Asiyejua kusoma aliitambua, na aliyeona aibu kuuliza hakuhitaji kuuliza.

La pili ni redio. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati". Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, walijadiliwa vijiweni kama majirani. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa Dodoma, ili watafiti walinganishe, na tofauti ilionekana: waliousikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi wa mpango na kwenda zaidi kliniki. Kwa pwani ya kusini, ambako gari lilikwama lakini mawimbi ya redio hayakukwama, huo ulikuwa ufunguzi wa kweli.

La tatu ni mwongozo wa huduma wa 1994. Kabla yake vituo vingi vilimtaka mwanamke awe ameolewa, awe ameshazaa, na mara nyingi alete ridhaa ya mume. Mwongozo huo ulisema huduma ni ya kila mwanamume na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, bila kujali ndoa wala idadi ya watoto. Mwaka huohuo mkutano wa kimataifa wa Cairo kuhusu idadi ya watu na maendeleo uliweka haki ya mtu binafsi mbele ya hesabu za idadi ya watu.

La nne ni wagawaji wa ngazi ya jamii. Hawa walikuwa wanakijiji wenyewe, waliochaguliwa na wenzao, wakafundishwa na kupewa mkoba wa vidonge na kondomu. Waliingia nyua ambazo muuguzi hakuwa na muda wa kuzifikia, wakatoa walichoweza na kumwelekeza zahanati aliyehitaji zaidi. Kujitolea kwao kulikuwa kwa mwendo wa miguu na baiskeli, na posho yao ilikuwa ndogo au haikuwepo. Kitabu chochote cha kumbukumbu cha taasisi hii kina deni kwao la ukurasa wa mbele.

2001–2012: Barabara, daraja na mkoba

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji. Kwa wengi ni habari ya ujenzi. Kwa aliyengoja dawa Kilwa au Lindi ni habari ya afya, kwa kuwa gari halikungoja tena kivuko. Mwaka huohuo, Songea, yalianza maduka ya dawa muhimu, yale ya DLDM, yaliyoenea baadaye mikoa mingine. Mama aliweza kupata vidonge na kondomu kwa muuzaji aliyefundishwa, hatua chache kutoka sokoni.

Mwaka 2007 Serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wenye shabaha ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kwa mkoa wenye eneo la kilomita za mraba takriban 66,000 na watu 864,652 tu kwa sensa ya 2012, shabaha hiyo ilikuwa mlima. Kaya ziko mbalimbali, na kutoka Liwale hadi bahari ni safari ya siku.

Ndipo ikakua huduma ya mkoba. Timu ya wauguzi na matabibu kutoka hospitali au kituo cha afya hufunga vifaa, hupanda gari na kwenda zahanati ya kijijini kwa siku iliyopangwa. Tangazo hutangulia kupitia mwenyekiti wa kijiji, msikitini, na kwa wahudumu wa afya wa jamii. Mashirika kama Marie Stopes Tanzania, lililoanza kazi nchini 1989, na EngenderHealth yaliifanya kazi hii bega kwa bega na halmashauri, na UMATI kikaiendeleza katika maeneo yake.

Umuhimu wa mkoba unaonekana ukipiga hesabu ya safari. Anayetumia sindano hurudi kituoni mara nne kwa mwaka. Aliyewekewa kijiti cha miaka mitatu ameokoa safari 12 za sindano. Mwenye vijiti viwili vya miaka mitano ameokoa 20. Kwa mama anayeishi jirani na zahanati tofauti hiyo ni unafuu. Kwa mama wa kisiwani Songosongo au wa milima ya Kipatimu, ndiyo tofauti kati ya kupanga na kutopanga.

*Njia zinazotolewa leo na mahali zinapopatikana*

| Njia | Muda wa kinga | Mahali |
|---|---|---|
| Kondomu | Kila tendo | Zahanati, mhudumu wa jamii, duka |
| Vidonge vya majira | Kila siku | Zahanati, mhudumu wa jamii, DLDM |
| Sindano | Miezi 3 | Zahanati na kuendelea |
| Kijiti kimoja | Miaka 3 | Zahanati yenye mtoa huduma aliyefundishwa, mkoba |
| Vijiti viwili | Miaka 5 | Kama hapo juu |
| Kitanzi cha shaba (lupu) | Miaka 10 hadi 12 | Kama hapo juu |
| Kufunga kizazi kwa mwanamke au mwanamume | Daima | Hospitali, kituo cha afya, mkoba wenye daktari |

2012–2024: Lindi yatangulia, nchi yapimwa

Julai 2012 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa ahadi katika mkutano wa London kuhusu uzazi wa mpango, ikijiwekea shabaha ya asilimia 60 ya watumiaji ifikapo 2015. Shabaha hiyo haikufikiwa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulionyesha asilimia 32 ya wanawake walio katika ndoa wakitumia njia za kisasa, nao wa 2022 ukaonyesha asilimia 31. Kasi ya miaka ya nyuma ilikuwa imesimama.

Lakini ndani ya wastani huo palikuwa na habari iliyowashangaza wengi. Katika utafiti wa 2015/16, mkoa ulioongoza nchi nzima haukuwa Dar es Salaam wenye kliniki kila mtaa. Ulikuwa Lindi, ambako takriban nusu ya wanawake walio katika ndoa walitumia njia ya kisasa. Mkoa wa mwisho ulikuwa Kusini Pemba, chini ya asilimia 10.

Tuutazame ulinganifu huo vizuri. Lindi na Kusini Pemba zote ni pwani, zote zinasikia adhana alfajiri, zote zinapika wali wa nazi na kuvua pweza. Asemaye kwamba dini ya pwani ndiyo inayokataza, Lindi imemjibu. Huenda kilichotofautisha kiko kwingine. Kusini, kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, ukoo kwa asili umehesabiwa kwa upande wa mama, na mwanamke ana ndugu zake wa kumsikiliza. Unyago uliwazoeza wanawake kuzungumza habari za mwili bila kuzizunguka. Na kwa miongo kadhaa zahanati, wagawaji na mkoba vilikuwa vimeisogeza huduma kabla ya swali kuulizwa kwa takwimu. Huduma iliposogea, ilikuta watu wako tayari.

Miaka hii ilikuwa pia na mitihani. Septemba 2018 Wizara ya Afya ilisitisha matangazo ya redio na runinga ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa chini ya mradi mmoja wa ufadhili wa Marekani. Huduma vituoni ziliendelea, na watoa huduma wakabaki na njia ya zamani kuliko zote, ya kuzungumza na mama ana kwa ana. Mei 2024 mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika maeneo ya Kilwa, na kusini yote ikakumbushwa kwamba umbali ulioshindwa jana unaweza kurudi usiku mmoja.

Kuna mafanikio yasiyoweza kuelezwa kwa uzazi wa mpango peke yake, lakini ambayo uzazi wa mpango una sehemu ndani yake. Vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16. Katika ule wa 2022 vilikuwa 104. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba walishuka kutoka asilimia 27 hadi 22. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka hadi 4.8. Na njia iliyoongoza kwa matumizi ilibadilika: sindano iliachia nafasi kwa vipandikizi, yaani vijiti. Wanawake wengi walichagua njia inayopunguza safari.

Uongozi: kutoka kwa waliojitolea hadi kwa vijana

Chama kimepita mikononi mwa aina nne za viongozi. Kwanza walikuja waanzilishi wa kujitolea, waliotoa muda wao na kubeba lawama za wakati ule. Wakafuata waandalizi wa chama cha kitaifa, waliojenga uanachama mikoani na kukipeleka IPPF. Baada yao walikuja watendaji na wauguzi wakufunzi wa zama za afya ya mama na mtoto, ambao kazi yao ilipimwa kwa idadi ya watoa huduma wa Serikali waliofuzu. Awamu ya sasa ni ya mkurugenzi mtendaji na sekretarieti ya kitaalamu chini ya bodi ya wanachama wanaojitolea, ambamo vijana wana viti. IPPF inavitaka vyama vyake viwe na angalau kijana mmoja kati ya kila wajumbe watano wa vyombo vya maamuzi, na sharti hilo limebadili hata lugha ya vikao: anayezungumziwa sasa yumo chumbani.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1952 | IPPF yaundwa Bombay |
| 1959 | Chama cha uzazi wa mpango chaanzishwa Dar es Salaam |
| Miaka ya 1960 | Chama chawa cha kitaifa; jina la UMATI |
| 1969 | Rais Nyerere atilia mkazo malezi kuliko idadi ya watoto |
| 1973 | UMATI mwanachama kamili wa IPPF |
| 1974 | Uzazi wa mpango waingizwa katika huduma ya mama na mtoto |
| Miaka ya 1980 | Kituo cha wasichana wazazi, Temeke |
| 1989 | Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango |
| 1992 | Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu |
| 1993 | "Twende na Wakati" yaanza redioni |
| 1994 | Mwongozo wafungua huduma kwa wote wa umri wa kuzaa. Mkutano wa Cairo |
| 2003 | Daraja la Mkapa; maduka ya DLDM yaanza Songea |
| 2007 | MMAM yazinduliwa |
| 2012 | Ahadi ya London |
| 2015/16 | Lindi yaongoza nchi kwa matumizi ya njia za kisasa |
| 2021 | Wasichana waliojifungua waruhusiwa kurudi shule |
| 2024 | UMATI miaka 65 |

Kilichobaki

Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya kila watano walio katika ndoa anataka kuachanisha au kusitisha uzazi na hatumii njia yoyote. Huyo ndiye anayekidai chama kazi ya miaka ijayo. Wapo wanaoogopa maudhi ya dawa na hawajapata wa kuwaeleza vizuri. Wapo wanaofika wakakuta dawa imekwisha, au mtoa huduma yuko peke yake na foleni ya chanjo. Wapo wanaume ambao hawajawahi kuitwa kwenye mazungumzo. Na ipo hoja ya fedha: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kila aliyewahi kusaini stakabadhi ya vijiti alielewa jinsi mkoba ulivyokuwa umening'inia kwenye bega la mwingine. Nchi yenye watu 61,741,120 kwa sensa ya 2022 haina budi kuubeba mkoba huo kwa bega lake.

Mkoa wa Lindi ulihesabiwa watu 1,194,028 katika sensa hiyohiyo. Miongoni mwao wapo wanawake wa Mitwero, ambao mama zao waliomba vidonge vya majira na bibi zao walihesabu miaka miwili ya kunyonyesha. Wajukuu wana kijiti mkononi. Bibi, mama na mjukuu walitaka jambo moja: mtoto aliyezaliwa apate zamu yake ya kifua, ya chakula na ya daftari kabla mwingine hajaja. Miaka 65 haikuwafundisha kutaka hivyo. Iliwasogezea tu mlango, kutoka Dar es Salaam hadi zahanati, na kutoka zahanati hadi uani. Pale ambapo mlango bado uko mbali, kazi ya 1959 haijakwisha.